Upepo Ulikuwa Nyuma

Mshambaa wa milimani hakuambii kwamba umemkanyaga mguu. Atakuuliza kama viatu vyako ni vipya. Usipoelewa atavisifia kwamba ni vizito, na ukiendelea kusimama hapo hapo, basi atavumilia mpaka uondoke mwenyewe. Ukiwa umemzidi umri, hata hilo la viatu hatalisema. Watu wa pwani hulicheka jambo hili, na wana haki ya kucheka. Lakini Yusta alizaliwa Mlola, akalelewa hivyo, na malezi hayavuliwi mlangoni kama kandambili.

Nyumbani kwa baba yake, mzee Kornelio, kulikuwa na desturi moja ambayo hakuna aliyewahi kuifundisha kwa maneno. Mkubwa akikosea, mdogo hujitwika kosa kwanza. Yusta alipokuwa bado shule ya msingi, baba yake alisahau kufunga zizi, ng'ombe akaingia kwenye kabichi za jirani yao Twaha akajihudumia apendavyo. Twaha akaja amefura, fimbo mkononi, anauliza ni nani aliyeacha zizi wazi. Kila mtu pale uani alijua. Yusta akasema, "Ni mimi." Twaha alipomgeukia, mzee Kornelio akakohoa.

"Mwache mtoto," akasema. "Zizi nililiacha mimi."

Yakaisha. Twaha akapewa kabichi nyingine, akanywa chai, akaondoka akilalamikia mvua. Mtoto alipomtangulia baba yake kwenye lawama alimpa nafasi ya kujitokeza kwa miguu yake mwenyewe, bila kuburutwa. Na baba alipojitokeza, mtoto akawa salama. "Mkubwa jalala," alisema Kornelio akicheka. "Taka zote mwishowe huja kwangu." Yusta aliiamini desturi hiyo jinsi mtu anavyoliamini daraja alilovuka tangu utotoni. Hakuwahi kujiuliza kama linafika ng'ambo zote.

Alisoma sekondari ya Kifungilo, akaipenda fizikia kuliko wenzake walivyopenda likizo, na siku moja akamwambia baba yake kwamba anataka kuwa rubani. Mama yake, Scholastica, alidhani ni utani. Kornelio hakucheka. Alikaa na neno hilo msimu mzima wa mahindi, kisha akaliuza shamba la bondeni, lile lenye maji kiangazi na masika, lililowalisha tangu enzi za babu yake, ili binti aende Afrika Kusini kujifunza kurusha ndege. Wazee wa ukoo walimwita wakamuuliza kama ana homa. Yeye akabaki kulima mteremkoni, kwenye udongo mwekundu unaohama kila mvua ikinyesha.

Binti akarudi na leseni. Padri akambariki kanisani, kinamama wakampigia vigelegele, na tangu siku hiyo Mlola nzima ikamwita Rubani.

Jina lilikuja. Kazi haikuja.

Anayedhani leseni ya urubani ni kazi hajawahi kukaa kwenye viti vya mapokezi vya mashirika ya ndege. Yusta alivikalia vyote, Dar es Salaam, Arusha, Mwanza, akiwa na shati jeupe alilolipiga pasi ugenini. Kila mahali aliulizwa swali lile lile: ana saa ngapi za kuruka? Alizokuwa nazo zilikuwa za shule tu. Basi apate saa nyingine ndipo aje. Na saa atazipata wapi bila kazi? Hapo msichana wa mapokezi hutabasamu na kusema, "Tukikuhitaji tutakupigia, dada." Simu ikawa inapigwa na watu wa vikoba na watu wanaotafuta mbegu za viazi.

Miaka ikapita hivyo. Akafundisha hesabu za jioni, akapalilia kabichi za baba yake, akabeba karoti kichwani mpaka gulioni. Twaha, ambaye hakuwahi kusahau habari ya ng'ombe, akikutana naye njiani humpisha kwa mkono kama askari wa barabarani. "Rubani, leo unatua wapi?" Yusta hucheka, maana asipocheka atalia. Kilichomuuma zaidi kilikuwa baba yake. Kornelio hakuwahi kumuuliza habari za kazi, hata mara moja. Wakipita pale juu ya bonde, ambapo mtu mwingine sasa analima nyanya zilizonawiri, mzee huangalia upande wa pili na kusimulia habari za mawingu.

Basi Korongo Air ya Tanga ilipompigia, Yusta alipiga magoti jikoni kabla hajauliza habari za mshahara. Ilikuwa bora hakuuliza.

Korongo Air lilikuwa shirika dogo lenye ndege chache za viti kumi na kitu, linalopeleka watu na mizigo visiwani na kwenye viwanja vya nyasi vya pwani. Mkurugenzi wake, bwana Kassimu, alimweleza kazi akiwa anakula korosho. Rubani msaidizi mpya huanza kwa majaribio. Kwenye majaribio hakuna mshahara, ipo posho ya chakula. Atapima mizigo, atawapima na abiria wenyewe, atasafisha matapishi, atapanda juu ya bawa kujaza mafuta. Anayeruka hulipwa, asiyeruka halipwi, awe mgonjwa au mzima. Likizo haijawahi kuombwa.

"Kama hupendi," alisema Kassimu bila ubaya wowote, "mlangoni wapo wengi wenye leseni kama yako."

Yusta alisema anapenda. Angesema anapenda hata kama angeambiwa aisukume ndege kwa mikono.

Aliyemwombea kazi alikuwa Kapteni Shabani, Mshambaa wa Bumbuli, mtu wa rika la baba yake, aliyerusha ndege tangu Yusta hajazaliwa. Alisikia kwamba kuna binti wa Mlola mwenye leseni anayebeba karoti, akaenda kwa Kassimu akasema, "Huyo mlete, ni wa kwetu." Siku ya kwanza Yusta alimwamkia kwa magoti yaliyokunjwa, kama anavyoamkiwa mzee. Kapteni akafurahi mpaka akavua kofia.

"Marahaba, mwanangu. Mbele za watu niite Kapteni. Tukiwa wawili humu ndani, niite tate."

Tate ni baba, kwa Kishambaa. Yusta akamwita hivyo, na moyo wake ukatulia kwa mara ya kwanza baada ya miaka. Wakiwa juu ya bahari mzee alimsimulia habari za Bumbuli, za chai na ukungu, na wakati mwingine alimwachia usukani ashike mwenyewe. Walimu wake wa Afrika Kusini walimfundisha kwamba rubani msaidizi yupo pale ili aseme anapoona kosa, tena aseme wazi. Jambo hilo alilijibu vizuri kwenye mtihani. Lakini mtihani haukuwa na mzee wa Bumbuli anayekuita mwanangu.

Siku hiyo hiyo ya kwanza aliligundua jambo lingine.

"Nisomee hizo saa, mwanangu," alisema Kapteni Shabani, akionyesha mbele yake kwenye mishale na namba. "Nataka uzizoee."

Yusta akasoma. Akadhani anafundishwa. Wakati wa kurudi akaambiwa tena asome, na tena, na alipomwona mzee akiileta karatasi ya mizigo puani, kisha akiisogeza mbali, kisha akimkabidhi yeye, akaelewa. Alitazama macho yake jua lilipoyapiga ubavuni. Katikati ya mboni palikuwa na weupe, kama maji ya mchele. Bibi yake Yusta alikuwa na macho hayo hayo kabla hajapasuliwa mtoto wa jicho.

Angesema nini? Kumwambia ni kumvua nguo. Kumwambia Kassimu ni kumchongea aliyekushika mkono. Na mzee naye alikuwa amebanwa kama yeye: akienda kupasuliwa, wiki zile hapati kitu, akimweleza daktari wa marubani ukweli, leseni inawekwa kando, na Korongo Air halijawahi kumwekea mtu yeyote akiba ya uzee. Ana wajukuu wanaomtegemea. Basi Yusta akawa macho yake. Alimsomea kila kitu kabla hajaulizwa, kwa sauti ya mwanafunzi mwenye bidii, na kila walipotua salama alimshukuru Mungu na kujiambia kwamba kesho atafute namna nzuri ya kuligusia.

Namna nzuri haikupatikana. Ikapatikana siku mbaya.

Walikuwa wanaelekea kiwanja cha nyasi kisiwani, ndege imejaa. Kiwanja kile hakina mtu wa kuongoza ndege. Kina mlinzi, mbuzi, na mlingoti wenye mfuko mrefu wa kitambaa cha rangi ya chungwa unaoonyesha upepo unavumia wapi. Ndege hutua ikiukabili upepo, ili upepo uisaidie kusimama. Kwa kawaida saa zile upepo hutoka baharini, na Kapteni Shabani alizoea kuingilia upande wa minazi. Siku hiyo akaingilia upande wa minazi.

Yusta akauona mfuko. Ulikuwa umevimba, umelala, unaelekea kule kule wanakoelekea wao. Upepo ulikuwa nyuma yao, tena si haba.

"Tate," akasema, "naona leo upepo una mambo yake."

Mzee akacheka. "Upepo lini ukakosa mambo yake, mwanangu?"

Nyasi zilikuwa zinakaribia. "Wanasema kuzunguka mara moja zaidi huwatuliza abiria," akasema.

"Abiria wa leo wana haraka."

Neno lilikuwa pale kooni, neno fupi, hata mtoto angeliweza: zunguka. Tena angeweza kuushika usukani mwenyewe, alifundishwa hivyo. Akashika magoti yake. Labda mzee ameuona mfuko na ana hesabu zake. Mtu aliyerusha ndege miaka yote hiyo hawezi kukosa kuuona mfuko mkubwa kama gunia la mkaa. Alijidanganya hivyo kwa muda wa pumzi chache, akijua kabisa anajidanganya.

Ndege iligusa chini mbali, kwa kasi, kwenye nyasi zenye unyevu. Breki hazikusaidia. Walipita mwisho wa kiwanja, wakaukata uzio, wakaingia kwenye muhogo wa watu, gurudumu la mbele likavunjika na propela ikachimba ardhi kama jembe. Kisha vilio. Hakufa mtu. Bi Shamsa, fundi cherehani aliyekuwa anarudi kwake na majora ya vitambaa, alivunjika mkono wa kulia. Yusta ndiye aliyemtoa, na Bi Shamsa alikuwa anauliza kitu kimoja tu, kama vidole vitarudi kufanya kazi.

Kapteni Shabani alisimama katikati ya muhogo, kofia mkononi, akiutazama mlingoti ambao sasa ulikuwa karibu kiasi cha kuuona.

Uchunguzi wa shirika ulifanyika Tanga, ofisini kwa Kassimu, mezani palipokuwa na korosho. Walikuwapo mkurugenzi, bwana mmoja wa usalama aliyekodiwa na shirika, Kapteni na Yusta. Kassimu alitaka mambo yaende upesi. Kwa uso wake tu ungejua anachoomba: funika kombe mwanaharamu apite.

"Swali ni moja," alisema yule bwana wa usalama. "Nani alikuwa ameishika ndege wakati wa kutua?"

Yusta alimtazama mzee. Mzee alikuwa anaizungusha kofia yake vidoleni, anaitazama kana kwamba ameiokota. Yusta akaona baba yake pale, akaona ua wa nyumbani, zizi wazi, Twaha na fimbo. Asiachwe mzee aburutwe. Apewe nafasi, atajitokeza mwenyewe, ndivyo wakubwa walivyo.

"Ni mimi," akasema.

Bwana wa usalama akainua kichwa. Kassimu akaacha kutafuna. Yusta alikaa wima akisubiri, bila hofu hasa, kama mtu aliyeweka mguu kwenye ubao wa kwanza wa daraja.

Kapteni Shabani akakohoa.

Moyo wa Yusta ukarudi mahali pake. Haya sasa.

"Bado mgeni," alisema mzee kwa sauti ndogo, macho kwenye kofia. "Msimhukumu sana."

Hilo tu. Kalamu ikakimbia kwenye karatasi. Yusta alifungua mdomo, na hapo ndipo alipoona kwamba hakuna neno lililobaki. Aseme amedanganya? Aseme mzee aliyemwombea kazi ni mwongo, mbele ya watu, uso kwa uso? Wakamsogezea karatasi akatia saini. Mkono ulitia saini wenyewe. Yeye alikuwa bado anasubiri kikohozi cha pili.

Majaribio yakafutwa siku ile ile. Taarifa ikapelekwa kunakohusika: kosa la rubani msaidizi. Leseni ikasimamishwa mpaka afanyiwe mafunzo upya kwa gharama zake, na mashirika ni machache, habari hutembea. Wale wasichana wa mapokezi sasa hawakusema tena kwamba watapiga simu.

Akapanda mlima kurudi Mlola. Twaha alikuwa wa kwanza kumwona. "Aliye juu mngoje chini," akasema, kisha alipomwona uso akajuta, akampokea begi mpaka nyumbani bila neno lingine. Scholastica alipika, Yusta hakula. Alilala mchana, akakaa macho usiku, na asubuhi alikwenda kusimama juu ya bonde kutazama nyanya za watu. Kuna siku alitamani ndege ile ingemuua yeye peke yake. Alimwambia mama yake hivyo, kwa maneno hayo hayo, na Scholastica hakumwacha peke yake tena wiki nzima.

Baba yake alielezwa yote. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kitu kimoja.

"Alikohoa?"

"Alikohoa, baba."

"Basi atakuja," alisema Kornelio. "Mtu mzima halali na kitu kama hicho. Atakuja."

Na kweli alikuja. Masika yalikuwa yamekwisha, mchana umetakata, upepo unavuma uani. Kapteni Shabani alishuka kwenye gari la kukodi akiwa na kanzu safi, sukari, mchele na doti ya khanga kwa mama mwenye nyumba. Alikaribishwa sebuleni. Kornelio alikuwa ameketi mezani na koti lake la kanisani, maana alijua kilicholetwa si sukari.

Mzee wa Bumbuli aliyasema yote, kwa Kishambaa, kofia magotini. Kwamba ndege aliishika yeye. Kwamba binti hakuwa na kosa. Kwamba alipojitwika lawama alijua ni kwa malezi mema, naye, mtu mzima, akamwacha nayo njiani. Machozi yalimtoka bila kujificha. "Nimekuja kusema ni mimi," akamaliza.

Scholastica alikuwa analia mlangoni. Kornelio alivuta pumzi ndefu, na uso wake ukafunguka kwa mara ya kwanza tangu binti arudi. Desturi haikuwa imekufa. Ilichelewa tu.

"Yaliyopita si ndwele," alisema. "Tugange yajayo. Yamekwisha, mgosi, mzee mwenzangu. Yusta, mpe mzee chai."

Yusta alimimina chai. Alikuwa amemwamkia alipoingia, vizuri, magoti yamekunjwa. Sasa aliweka kikombe mezani akabaki amesimama.

"Na ofisini utasema lini, tate?"

"Yusta!" alisema baba yake.

"Mwache," alisema Shabani. Alikiangalia kikombe. "Mwanangu, kule si kwetu. Hapa nikisema ni mimi, baba yako anasema yamekwisha, tunakunywa chai. Kule nikisema ni mimi, nani atasema yamekwisha? Wataanza. Watapima macho. Mimi na wajukuu tutakula nini?"

"Kwa hiyo bado unaruka."

"Kesho asubuhi, kule kule kisiwani. Ndege imetengenezwa." Akajitahidi kutabasamu. "Nimepewa msaidizi mwingine, Emanueli. Kijana wa kwetu pia, wa Soni. Ana heshima sana."

Ana heshima sana. Aliuona mfuko wa chungwa umelala, na kijana mwingine ameshika magoti yake.

"Naomba usimame kidogo," akasema.

Mzee akasimama, akidhani anafanyiwa jambo la adabu. Yusta akamwongoza mpaka mlangoni. Uani, ng'ambo ya zizi, Scholastica alikuwa ameanika nguo kwenye kamba: mashuka, kitenge, shati jeupe la urubani ambalo halikuwa na kazi tena. Zote zilikuwa zimevimba, zinapepea kuelekea msituni.

"Kapteni," alisema Yusta. Hakusema tate. "Niambie upepo unaelekea wapi."

"Binti yangu," alinong'ona mama yake.

Shabani alikaza macho. Alitazama juu kidogo ya kamba, kisha kushoto kwake, palipokuwa na mgomba. Baba, mama, dereva aliyeegemea gari, wote walimwona anatafuta. Hatimaye akajibu kwa mazoea, kama alivyotua kwa mazoea.

"Unaelekea barabarani. Mlima huu saa hizi huvumia barabarani."

Hakuna aliyesema kitu. Nguo zilipiga kelele zao kule kule msituni. Kornelio alitazama nguo, akamtazama mgeni wake, akainamisha kichwa kwa aibu, na haikujulikana anamwonea aibu nani.

Mzee akaelewa kwa ule ukimya. Akaushika mwimo wa mlango.

"Ulijua tangu lini?"

"Siku ya kwanza."

"Na hukuniambia?"

"Nilikuambia," alisema Yusta. "Nilikuambia upepo una mambo yake. Nilikuambia tuzunguke. Nilikuambia kwa heshima, na Bi Shamsa hashoni tena. Mimi nakwenda kusema. Nitasema nilidanganya na nitasema huoni."

"Watasema ulitia saini uongo. Hutaruka tena, mwanangu. Popote."

"Najua."

Hapo ndipo Kornelio aliposema neno ambalo hakuwahi kulisema miaka yote. Alilisema polepole, si kwa hasira, akiwa ameketi na koti lake la kanisani.

"Na bonde, Yusta?"

Yusta alitafuta jibu. Alilitafuta kwa dhati, maana baba yake alistahili kupewa. Halikuwapo. Akafuta macho kwa kiganja, akamwomba Kapteni simu yake. Mzee akampa bila kubisha. Mzee mwenyewe asingeweza kulisoma jina la Emanueli humo. Akampigia Emanueli pale pale mlangoni.

"Shikamoo, dada," alisema kijana baada ya kuambiwa anayezungumza ni nani.

"Marahaba. Nisikilize vizuri. Kapteni Shabani haoni. Niko naye hapa, ananisikia. Kesho usiruke naye. Na wakikulazimisha, ukiona upepo uko nyuma, sema upepo uko nyuma. Sema kwa sauti. Shika usukani. Umenielewa?"

Upande wa pili ilisikika redio, na mtu akisogeza kiti.

"Nimekuelewa, dada," alisema Emanueli kwa adabu zote. "Ila unajua tena, ni mzee wetu. Nitajaribu kumgusia."

Yusta akairudisha simu mkononi mwa mwenyewe. Akampita baba yake, akampita mama yake, akaingia chumbani kuvaa viatu vya kushukia Tanga.